Injini Inayovuta Hewa: Kagua Kabla ya Kununua Vipuri

Baadhi ya wenye magari ya zamani hubadilisha plagi, sensa na hata pampu ya mafuta, ilhali kasoro ni mpira mdogo uliopasuka. Tumeandaa maelezo haya ili mtumiaji alipie kipuri kinachohitajika tu.

Chanzo

Injini ya petroli hufyonza hewa kupitia kichujio na mlango wa hewa, na kiasi cha mafuta hupangwa kulingana na hewa hiyo. Mipira na gasketi zilizo baada ya mlango huo hukauka na kupasuka kwa sababu ya joto na umri. Hewa ikipenya hapo, mchanganyiko hupungukiwa mafuta.

Dalili

Gari likiwa limesimama huku injini inawaka, mzunguko hupanda au huyumba, injini hutetema na pengine huzima. Ukikanyaga mafuta, hali hutulia kwa kiasi. Mlio mwembamba wa hewa huweza kusikika.

Katika magari yenye kompyuta, kipimo huweza kuonyesha msimbo P0171. Msimbo huo hueleza kwamba mchanganyiko una mafuta kidogo mno. Hautaji kipuri kilichoharibika. Pampu dhaifu au sensa chafu ya hewa huweza kuleta msimbo huohuo.

Ukaguzi

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, pinda kila mpira polepole na utazame nyufa, hasa kwenye ncha. Usinyunyizie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini inayowaka, kwani huweza kushika moto. Ufa usipoonekana, omba gari lipimwe kwa moshi.

Usipuuze breki

Mpira mnene wa busta ya breki ukivuja, pedali huwa ngumu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa, ishikilie, kisha washa. Isiposhuka kidogo, usiliendeshe gari hilo hadi breki zikaguliwe.

Unapokwenda kwa fundi

Mtake fundi akuonyeshe mahali hewa inapopenya kabla hujaidhinisha ununuzi wowote. Mpira uliopasuka hubadilishwa. Kuufunga kwa utepe si matengenezo. Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, na kazi ikiisha, chukua risiti pamoja na kipuri kilichotolewa. Dalili zikirudi, hivyo ndivyo vielelezo vyako.