Kweli au uongo: kisukari kwenye sahani ya Mobeni

Mobeni ni eneo la viwanda kusini mwa Durban, Afrika Kusini, na jirani yake ni Chatsworth, walikorundikwa Wahindi enzi za ubaguzi pamoja na wale waitwao Wazanzibari, wajukuu wa watumwa walioachiwa huru na kuletwa Natal kuanzia 1873. Huku kisukari kimezoeleka kiasi kwamba kila ukoo una daktari wake wa kujiteua. Mtu akitoka kliniki na majibu ya aina ya pili, ushauri unamfika kabla hajavua viatu. Tuupime.

"Acha sukari, basi." Uongo, au tuseme nusu. Anayeacha kijiko cha chai akaendelea na mkate wake hajafika mbali. Chukua bunny chow, mlo wa mchana unaopendwa na wafanyakazi wa viwandani: mkate mweupe unachimbwa katikati, unamiminiwa mchuzi, kisha nyama ya mkate iliyotolewa inawekwa juu. Ile ya robo hukatwa kwenye mkate wa gramu 600 au 700, kwa hiyo wanga wake peke yake unakaribia gramu 70 au 80, hapo viazi vya ndani ya mchuzi hujavihesabu. Wanga wote huo ukishasagwa tumboni unaingia kwenye damu kama glukosi. Mchuzi wenyewe hauna kesi kubwa, hasa ukiwa wa maharage. Omba utiliwe kwenye bakuli, ongeza ile kachumbari ya karoti inayokuja nao, na mkate uwe kipande kimoja. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

"Basi kula mkate wa kahawia." Uongo. Mkate wa kahawia wa madukani, kwa sehemu kubwa, ni unga uliokobolewa na kuongezewa pumba kidogo. Unapandisha sukari karibu sawa na mweupe. Tafuta ule ambao nafaka nzima unaziona kwa macho.

"Wali na ugali ndiyo mwisho." Uongo. Kinachobadilika ni kipimo: nusu ya sahani mboga za majani, robo samaki, kuku au maharage, robo iliyobaki ndiyo ya wali au ugali. Tena biriani ya Durban hupikwa na adesi, na adesi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Zidisha adesi, punguza mchele, na viazi waachie wageni.

"Soda hapana, juisi halisi ruksa." Uongo, na hapa hata serikali inachanganya watu. Kodi ya vinywaji vyenye sukari iliyoanza Aprili 2018 haigusi juisi ya matunda asilimia 100. Mwilini msamaha huo haupo. Kula chungwa zima.

"Karela inatibu." Karela ni mboga nzuri, ipike. Ushahidi wa kuifanya iwe badala ya metformini, dawa ya kisukari, haupo.

"Ukishapata, umepata, chakula hakibadilishi kitu." Huu ndio uongo unaoumiza kuliko yote. Katika utafiti wa DiRECT nchini Uingereza, uliochapishwa 2017, watu wenye uzito mkubwa ambao kisukari chao hakijafika miaka sita waliwekwa kwenye mlo wa takriban kalori 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, wakisimamiwa. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Waliopungua kilo 15 au zaidi walifaulu kwa wingi zaidi. Madaktari hawasemi wamepona. Wanasema ugonjwa umetulia, kwa maana uzito ukirudi nao hurudi, na kupima ni kila mwaka.

Usijaribu mlo wa namna hiyo kimyakimya. Anayetumia insulini au gliklazidi akikata wanga ghafla, dozi ileile ya jana inaweza kumshusha sukari hadi atetemeke, atoke jasho, hata azimie kando ya mashine kazini. Waambie kliniki kwanza, dozi irekebishwe, ndipo upunguze mkate.