Chura Mgonjwa Aliyeuguzwa Ng'ambo

Unapowasha taa jioni nyumbani kwako Buguruni, huenda sehemu ya umeme huo imetoka katika korongo la mto Kihansi, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Iringa. Mtambo wa huko una uwezo wa megawati 180. Kwa umeme wa namna hiyo mtoto husoma na fundi cherehani humaliza kazi yake usiku. Lakini mwanga huo ulimnyang'anya kiumbe mmoja makao yake.

Kiumbe huyo ni chura wa Kihansi, mwenye rangi ya manjano na urefu wa kama sentimeta mbili tu. Hatagi mayai majini kama vyura wengi, bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Hakupata kuonekana mahali pengine popote duniani ila hapo, katika eneo la hekta zipatazo mbili lililoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko.

Bwawa lilipoanza kazi, karibu sehemu tisa katika kumi za maji ziligeuziwa njia. Manyunyu yakakoma. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa na vyura wakaongezeka tena, lakini mwaka 2003 walikufa kwa ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi uligunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba hawapo tena porini.

NGOZI NDIYO KINYWA CHAKE

Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Huyanywa kwa ngozi, na kwa ngozi hiyo huvuta pia hewa na kulinda kadiri ya chumvi mwilini. Ukungu huo huiharibu ngozi, chumvi hupungua katika damu, na mwishowe moyo husimama. Ndiyo sababu mwuguzi wa chura huanza na maji kabla ya dawa.

Hata akisoloti, mnyama wa majini wa Mexico anayefugwa katika matangi ya kioo sehemu nyingi za dunia, huuguzwa hivyo hivyo. Akikataa chakula, mfugaji hodari hutazama kwanza kama maji yamechafuka au yamepata joto. Naye pia, kwao katika mifereji ya Xochimilco, amekaribia kutoweka.

WAGONJWA WALIOVUKA BAHARI

Kwa bahati njema, mwaka 2000 vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa katika bustani za wanyama nchini Marekani. Huko nako mambo hayakuwa mepesi. Wengi walikufa, baadhi yao kwa minyoo ya mapafu, na bustani kadhaa zikapoteza vyura wake wote. Zilizofaulu ni ile ya Bronx, New York, na ile ya Toledo. Walezi walijifunza hatua kwa hatua: maji safi yaliyochujwa, hewa baridi yenye unyevu, taa zenye mwanga unaokaribia ule wa jua, na vijidudu vya kuwalisha.

Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa nchini na kutunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Buguruni hapo si mbali: ni kuifuata Barabara ya Mandela hadi Ubungo, kisha kupanda Mlimani. Mwaka 2012 vyura zaidi ya 2,000 walirudishwa korongoni kwao, chini ya manyunyu ya mabomba.

FUNZO KWA WAZAZI

Mvua zinyeshapo, vyura hujaa uani na mitaroni, na watoto huwamwagia chumvi ili wawaone wakirukaruka. Mzazi, mweleze mwanao kwamba ule si mchezo wala ngoma ya chura. Chumvi humkausha kupitia ngozi ile ile anayonywea maji. Chura hula wadudu wanaotusumbua. Akiingia ndani, lowesha mikono kwa maji yasiyo na sabuni, mtoe polepole hadi mahali penye kivuli na unyevu, kisha nawa vizuri kwa sabuni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Kihansi umejengwa kwa miaka mingi, kwa fedha na jasho la mataifa mawili, na hadi leo chura yule anahitaji mkono wa binadamu ili aishi mahali alipokuwa akijiishia mwenyewe bila kumwomba mtu kitu.