Nani Asimamie Mali ya Mgonjwa Asiyeweza Kujiamulia?

Kiharusi, demensia, jeraha la ubongo na baadhi ya magonjwa ya akili huweza kumnyima mtu uwezo wa kupima jambo na kuliamua. Mwili wake huendelea kuhitaji dawa, chakula na uangalizi, ilhali fedha za kugharimia mahitaji hayo zimo katika akaunti yenye jina lake. Ni nani basi mwenye haki ya kutia saini?

Ndoa au undugu pekee haumpi mtu mamlaka juu ya mali ya mgonjwa. Kikao cha ukoo chaweza kupendekeza jina, lakini hakiwezi kutoa mamlaka hayo. Taratibu za mirathi nazo hazihusiki, kwa kuwa aliye hai harithiwi.

Wengine hutegemea hati ya uwakilishi iliyotiwa saini kabla ya ugonjwa. Hata hivyo, kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, uwakala hukoma pale aliyeutoa anapofariki au kupoteza utimamu wa akili. Hivyo, hati hiyo hukosa nguvu wakati ule ule inapohitajika zaidi.

Njia iliyo wazi ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaipa mahakama uwezo wa kuchunguza hali ya mgonjwa na kumteua msimamizi wa mali yake. Msimamizi huyo si mmiliki: hutumia mali kwa manufaa ya mgonjwa na wanaomtegemea, naye huwajibika kwa mahakama.

Ushahidi wa daktari una uzito mkubwa hapa. Kutaja jina la ugonjwa hakutoshi. Taarifa yake ieleze iwapo mgonjwa anaelewa jambo lililo mbele yake, analikumbuka, anapima faida na hasara zake, na anaweza kuuwasilisha uamuzi wake. Mtu aweza kushindwa kupima masharti ya kuuza shamba, lakini akajua vema angependa kuishi na nani. Sheria ya Mikataba nayo inatambua kwamba mwenye ugonjwa unaokuja na kuondoka aweza kufunga mkataba katika kipindi cha utimamu.

Familia inashauriwa kuomba tathmini ya daktari mapema, kutunza stakabadhi za kila matumizi, na kumwona wakili au mtoa msaada wa kisheria. Kutumia kadi ya benki au namba ya siri ya mgonjwa, hata kwa nia njema, humwacha mtumiaji bila kinga siku ndugu watakapodai hesabu.