Kushua Mashua ya Mota

Wasikilizaji, mwenyeji wa pwani hahitaji kufundishwa kushua chombo. Magogo hupangwa mchangani, watu hushika huku na huku, nao hukisukuma hata kifike majini. Lakini mashua yenye mota tumboni mwake, ichukuliwayo juu ya tela nyuma ya gari, ina mambo yake, na hayo ndiyo nipendayo kuwaelezeni leo.

Mota ya nje hufungwa kwenye tezi, na rafadha yake yaweza kuinuliwa. Mota ya ndani sivyo. Yenyewe imekazwa ndani, na rafadha hukaa chini ya mashua daima. Kwa hiyo yapasa tela liingie majini hata mashua ielee yenyewe. Aisukumaye kabla haijaelea huenda akaipinda rafadha.

Simamisha gari kwanza mahali pakavu, kando ya mteremko, utazame kizibo. Mashua ikiwa nchi kavu kizibo huondolewa ili maji ya mvua yatoke, na wengi husahau kukirudisha. Hata wajuzi huonekana wakikumba maji kwa ndoo mbele ya watazamaji! Kisha gari lirudi kinyumenyume polepole. Likifika, vuta breki, weka mawe nyuma ya magurudumu, na mtu mmoja ashike kamba ya omo.

Mashua ikielea, usiifungue bado. Ingia utazame ngama. Mashua ya mbao iliyokaa juani siku nyingi hukauka, mbao zikaachana, nayo huvuja mpaka zivimbe tena. Tazama pia pale mhimili wa rafadha unapopenya: matone machache si kitu, lakini maji yakitiririka, gari liivute mashua juu mara moja.

Sasa nawaombeni mnisikilize sana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika mota ya nje hupeperushwa na upepo. Lakini katika mota ya ndani hushuka ngamani, ukatuama humo kama maji kisimani, wala huuoni kwa macho. Cheche moja ya kuwashia mota yatosha kuulipua, na mashua pamoja na waliomo wakateketea. Basi funua kifuniko cha mota, unuse vizuri ngamani, na kama kuna feni ya kutoa hewa iendeshe dakika 4 kwa uchache. Ukisikia harufu, usiwashe, tafuta inakotoka. Tena mtu asivute sigara karibu, wala petroli isitiwe huku abiria wamekaa ndani.

Mota ikiisha kuwaka, tazama bomba la moshi. Mota nyingi za namna hii hupozwa kwa maji yavutwayo kutoka nje, yakatoka pamoja na moshi. Yasipotoka, izime upesi kabla haijaungua. Na kwa sababu hiyo haifai kuiwasha nchi kavu bila maji. Yakitoka vema, fungua mkanda, mwenye kamba aiongoze mashua kando, na gari lipande kuwapisha wangojao.