Wahitimu wafunzwe kusoma mkataba kabla ya kutia saini

KILA msimu wa mahafali, wazazi humiminika vyuoni kote nchini kushuhudia wana wao wakitunukiwa digrii na diploma. Nderemo zinapokwisha, huanza safari ambayo aghalabu mhitimu hakuandaliwa kwayo darasani: maisha ya kazi.

Mhitimu anaweza kufafanua nadharia za uchumi bila kusita, lakini akikabidhiwa barua ya ajira huitia saini bila kuisoma, akihofia kwamba maswali yatamponyoka tonge mdomoni. Hapo ndipo mengi ya masaibu ya miaka ya kwanza kazini huanzia, na wahenga walinena kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaagiza kwamba mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Unapaswa kubainisha majukumu, saa za kazi, mshahara, likizo na utaratibu wa kuuvunja. Mwajiri akikosa kuuwasilisha mahakamani mzozo unapozuka, ni yeye anayetwikwa mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyoafikiwa.

Sehemu inayowachanganya wengi ni kipindi cha majaribio. Kisheria hakipaswi kuzidi miezi sita, ingawa kinaweza kurefushwa kwa hadi miezi sita mingine mwajiriwa akiridhia. Katika muda huo, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba au malipo ya siku hizo. Kijana anayekimbilia nyumba ya kodi kubwa au mkopo wa gari punde tu baada ya kuajiriwa anafaa kuzikumbuka siku hizo saba.

Mshahara nao huleta mshtuko wake. Anayeahidiwa Sh40,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 2.75 ya Bima ya Afya ya Jamii, yaani Sh1,100, na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, ambayo ni Sh600. Hazina ya NSSF huchukua asilimia sita, yaani Sh2,400, huku mwajiri akiongeza kiasi sawa na hicho. Hivyo, Sh4,100 hutoweka kabla ya ushuru wa mapato kuguswa.

Kisha kuna deni la masomo. Sheria iliyobuni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) mwaka 1995 inamtaka aliyekopa aanze kulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo. Akipata kazi, mwajiri hulikata deni hilo kwenye mshahara. Hata hivyo, makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi thuluthi mbili za mshahara.

Hata kabla ya kuajiriwa, kuna gharama. Kwa miaka mingi, vijana walilazimika kununua vyeti vya maadili mema na stakabadhi nyinginezo ili tu kutuma maombi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalimzuia mwajiri kudai vyeti hivyo iwapo hakusudii kumpa mhusika mkataba. Asiyelijua hilo huendelea kutumia pesa za mzazi kugharimia kazi asizopata.

Kuzijua haki si leseni ya utovu wa nidhamu. Mwajiriwa mpya angali na wajibu wa kufika kazini mapema, kukubali kukosolewa na kujifunza kutoka kwa waliomtangulia, hata wasio na digrii. Lakini heshima kwa mwajiri haimzuii kuuliza kwa adabu maana ya kifungu asichokielewa.

Vyuo vina nafasi ya kuziba pengo hili bila gharama kubwa. Kabla ya mwanafunzi kwenda mafunzo ya nyanjani, awekewe mezani mfano wa mkataba na wa hati ya mshahara, avisome kifungu kwa kifungu na kupiga hesabu ya makato mwenyewe. Somo la saa chache litamwepushia miaka ya majuto, kwani saini ikishatiwa, kulalamika kwamba hakusoma hakutamfaa.