Malaria gani inapona kwa upepo?

Sisi wa sendika tumezoea kuandika hapa juu ya mashimo yanayobomoka na bei ya kilo. Leo tunaongea gari. Kamio ndiyo inatupandisha Masisi, ndiyo inaendelea mpaka Walikale, na juzi ilibaki kidogo ituue watatu bila hata kuanguka kwenye mtaro.

Ilikuwa mvua. Tulitoka Sake asubuhi, vioo vimefungwa. Kupanda Mushaki gari ilikosa nguvu, nyuma moshi mweusi. Mwenzetu mmoja akashikwa na kichwa, wa pili akatapika. Tukasema ni malaria. Unajua siye, kila kitu ni malaria. Mpaka shofere mwenyewe akasema, "Bandugu, macho inanifunga." Tukashuka. Nje mu baridi, nusu saa hivi, kichwa kikaanza kupungua.

Tulirudi Sake polepole, vioo wazi, tukalowa. Makanika, kijana mdogo, hakugusa kitu. "Papa, iache ilale. Nitaisikiliza kesho ikiwa baridi."

Alikuwa na haki. Alfajiri aliwasha, tukasikia tik-tik-tik upande wa bomba la moshi. Mashini ilipopata moto sauti ikapotea, juu chuma kikipata moto kinavimba na kuficha ufa. Ndiyo maana shofere hakuwa anaisikia njiani. Akazima, akangoja ipoe, akatafuta masizi: mustari mweusi kando ya silinda ya mwisho. Kwa kuhakikisha, aliziba mdomo wa bomba nyuma kwa kitambaa, akaingiza upepo wa ile mashini ya kujaza pineu, akapaka maji ya sabuni. Povu likatoka palepale.

Sasa, kwa nini gari ilikosa nguvu? Turbo inazungushwa na moshi wenyewe. Moshi ukitoka mu mashini kwa nguvu unazungusha gurudumu dogo, na lile linasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Moshi ukivuja mbele ya kufika turbo, gurudumu linachoka, hewa inapungua, mazutu haiungui yote. Patroni analia kwamba shofere anauzisha mazutu, kumbe inapotea hapo.

Na ule uliovuja ulipanda chini ya kabina, ukaingia kwenye mpira wa gia uliopasuka. Ndani yake kuna gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu. Inashikamana na damu kupita mara 200 kuliko hewa tunayopumua. Mutu anasikia kichwa, kichefuchefu, usingizi, basi.

Dawa ilichukua siku mbili. Bulo mbili zilikuwa zimekatika ndani. Aliunganisha nati juu ya kila kipande kwa kusudia, akakizungusha polepole mpaka kikatoka. Uso wa chuma ulikuwa umepinda, ukasawazishwa. Karatasi mpya za kuziba, bulo mpya, na kukaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kisha kurudilia gari ikishapata moto na kupoa. Kumbe mbele yake mutu mwingine alikuwa amefunga pale kipande cha kopo ya nyanya na waya! Mpira wa gia nao ukabadilishwa.

Wakreseri, hii si ya kamio peke yake. Pompa ya maji yenye kutumia esansi au mazutu, ukiishusha ndani ya shimo, ni gesi ileile, na shimo halina kioo cha kufungua. Ile mashini ya kupeleka hewa chini, mdomo wake wa kuvuta hewa uwe mbali na bomba la moshi, upande upepo unatokea. Mwenzako akilala ghafla chini, usimukimbilie: zima mashini, ita watu, ingiza hewa kwanza. Mama nyumbani, mume akirudi na kichwa kila siku ya safari lakini Jumapili hana, muulizeni alipanda gari gani.

Siku tatu tulipanda Mushaki tena, na shofere hakuteremsha gia hata mara moja. Lakini siku mbili alizokaa Sake, patroni amezikata kwenye mushahara, anasema hakufanya kazi. Makaratasi tumeandika, tunamungoja Jumatatu.