Msiba Usio na Kaburi

Kila ifikapo tarehe 24 Novemba, wapo watu katika nchi nyingi za dunia ambao huikumbuka siku hiyo kama watu wa nyumba moja wanavyokumbuka siku ya kufiwa. Ni tarehe aliyofariki mjini London, mwaka 1991, mwimbaji Freddie Mercury wa kundi la Queen, akiwa na umri wa miaka 45. Siku moja tu kabla yake alikuwa ametangaza kwamba anaugua UKIMWI. Wapenzi wake hawakupata hata nafasi ya kumwombea afueni. Habari ya ugonjwa na habari ya kifo zilifuatana kama umeme na radi.

Msiba huo sisi wa Visiwani hatuwezi kuutazama kwa mbali, kwani marehemu alizaliwa hapa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka India, na baba yake alikuwa keshia katika Mahkama Kuu wakati wa utawala wa Kiingereza. Angali mdogo alipelekwa kusoma Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza kupiga muziki pamoja na wenziwe wa skuli. Alirejea Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza. Mwaka 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor kuunda kundi la Queen, na John Deacon akaingia mwaka 1971. Kijana aliyeondoka hapa na mtu aliyekuja kujulikana na ulimwengu walikuwa mbalimbali kwa jina, kwa mavazi na hata kwa namna ya kusema.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza ugenini, na wageni ndio waliomtunza.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo, hata hivyo, si sifa za marehemu, kwani hizo zimekwisha kusemwa na wengi. Tunataka kuzungumza juu ya kilio cha wapenzi wake, na namna kilio hicho kilivyopata pa kutua. Maiti yake ilichomwa moto mjini London, na majivu yake yakawekwa mahali ambapo, kwa matakwa yake mwenyewe, hapakutangazwa. Basi huu ni msiba usio na kaburi. Anayetaka kuzuru hana pa kusimama, na anayetaka kuweka shada la maua hana jiwe la kuliweka juu yake.

Mara tu baada ya kifo, watu walimiminika kwenye nyumba yake ya Garden Lodge, katika mtaa wa Kensington, na kwa miaka mingi ukuta wa nyumba hiyo ulijaa maandishi ya waliokuja kumlilia. Tarehe 20 Aprili 1992 uwanja wa Wembley ulifurika watu waliokuja kumkumbuka kwa muziki, na fedha zilizopatikana zikawa msingi wa mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaosaidia kupambana na UKIMWI. Mwaka 1996 sanamu yake ilisimamishwa Montreux, Uswisi, kando ya ziwa, na hadi leo watu huiwekea maua. Lakini ukuta si kaburi, na sanamu si mtu. Wapenzi walijikuta wakirejea palepale walipomjua kwanza, nako ni kwenye santuri zake.

Asiyejali huenda akadhani kusikiliza santuri ni burudani tu, mtu anafungua, anasikia, anafunga. Kwa mfiwa si hivyo. Mfiwa husikiliza kama anayesoma barua ya marehemu. Huirudia mara kumi, husikiliza pumzi, husikiliza mahali sauti ilipokwaruza na mahali ilipopanda, na huuliza hili liliimbwa lini, wapi, na hali ya mwimbaji ilikuwaje. Hivyo ndivyo kilio cha watu hao kilivyogeuka kuwa mtalaa, na wengi walioanza kwa kulia wakaishia kuwa wajuzi.

Tuchukue mfano wa wimbo wa Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975, ambao ni wa takriban dakika 6. Wasikilizaji wamejifunza kwamba ile jamii kubwa ya waimbaji wanayoisikia katikati ya wimbo ni watu 3 tu, Mercury, May na Taylor, walioimba na kurudia kuimba, sauti moja ikapandishwa juu ya nyingine kwenye kanda kwa muda wa majuma kadhaa. Mwislamu wa hapa petu atastaajabu kusikia ndani yake neno la Kiarabu ambalo hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9 ulipotoka, na ukarudi nafasi hiyo hiyo Desemba 1991, mwimbaji akiwa ameshazikwa nyoyoni mwa watu. Mapato ya toleo hilo la pili yalikwenda kwa shirika linalohudumia wagonjwa wa UKIMWI.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1991, katika studio ya Montreux, Mercury alikuwa akirikodi kila alipopata nguvu, kwa kuwa alijua siku zake zinahesabika. Mwezi Mei alirikodi sehemu za wimbo uitwao Mother Love. Ubeti wa mwisho hakuwahi kuuimba. Wenziwe walipoitoa albamu ya Made in Heaven mwaka 1995, miaka 4 baada ya kifo, ubeti huo uliimbwa na Brian May. Wapenzi wake wanapafahamu vyema mahali sauti moja inapokoma na nyingine inapoingia. Wanapofika hapo hunyamaza, kama watu waliofika ukingoni mwa kaburi.

Wa tatu ni wimbo wa Time, alioimba mwaka 1986 kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa jina hilo. Ulitolewa wakati huo ukiwa umevishwa ala nyingi na sauti nyingi. Dave Clark, aliyeutayarisha, hakusahau kwamba mwanzoni aliusikia ukiimbwa kwa sauti ya Mercury na piano tu. Aliitafuta kanda hiyo kwa miaka, akaipata, na mwaka 2019 ulimwengu ukausikia wimbo katika uchi wake. Na Oktoba 2022 ukatolewa wimbo wa Face It Alone, uliorikodiwa wakati wa matayarisho ya albamu ya The Miracle iliyotoka mwaka 1989, na kuachwa kabatini kwa zaidi ya miaka 30. Marehemu akasema tena na watu, miaka 31 baada ya kuaga dunia.

Hapo ndipo lilipo somo. Sauti hizo hazikuokoka kwa bahati. Ziliokoka kwa sababu yupo mtu aliyeirudisha kanda kwenye kasha lake, akaandika juu yake jina la wimbo, tarehe na jina la mwimbaji, akaiweka mahali pakavu penye baridi ya kutosha, na akaja mwengine baada yake akaiheshimu kazi ile. Mtu huyo hakupigiwa makofi na yeyote, wala jina lake halimo katika matangazo. Lakini bila ya yeye, wafiwa wote hao wangekuwa na picha tu mikononi.

Sasa baadhi yao wanakuja kwetu. Tangu filamu ya maisha yake ilipotoka mwaka 2018, wageni wanaofika Mji Mkongwe na kuuliza habari zake wamekuwa jambo la kawaida, na Novemba 2019 yalifunguliwa makumbusho yenye jina lake hapo Shangani. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na hatuna ugomvi na riziki ya mtu. Lakini tunapenda kuwakumbusha vijana wanaowatembeza wageni kwamba hao si watalii wa kawaida, bali wengi wao ni wafiwa. Si uungwana kumwonyesha mfiwa nyumba yoyote iliyo karibu na kumwambia kuwa ndimo alimozaliwa marehemu. Atakayedanganywa leo atarudi kwao na kusema, na jina litakaloharibika ni la Visiwa vizima.

Tunajua pia kwamba si kila mwananchi anapenda habari za mtu huyu. Mwaka 2006 sherehe iliyoandaliwa hapa kwa kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipingwa kwa misingi ya dini na maadili, na ikafutwa. Waliopinga walikuwa na haki ya kusema lao, na wageni wanapaswa kuheshimu mila za nchi waliyoifikia. Hata hivyo, kuheshimu maadili yetu hakutulazimishi kuikana historia yetu. Kwamba alizaliwa hapa ni kweli, kwamba aliondoka hapa ni kweli, na kwamba hakuizungumzia sana Unguja katika maisha yake ya umaarufu nako ni kweli. Tumweleze mgeni yote matatu, bila kuongeza chumvi na bila kuona haya.

Swali linalotugusa zaidi ni jengine. Mgeni huyo aliyekuja kwa ajili ya Freddie Mercury, akishamaliza kuona picha na barua, aghlabu huuliza: na ninyi wenyewe, waimbaji wenu ni nani, na sauti zao ziko wapi? Tutamjibu nini?

Tunao Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 akarikodi santuri kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi hawakudhani kuwa lugha hii ingeingia kwenye santuri. Tunacho kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905. Tulikuwa na Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, ambaye maziko yake yalikusanya umma. Hao nao wana wafiwa, nao wafiwa wao wanastahili kuzisikia pumzi zao. Santuri ikivunjika, kanda ikiota ukungu, mwimbaji anakufa mara ya pili, na kifo hicho cha pili hakina rambirambi.

Wataalamu wanatueleza kwamba adui wa kanda za sumaku ni joto, unyevu na vumbi, na sisi tunaishi kisiwani ambako vyote vitatu vipo mwaka mzima. Kanda iliyokaa vibaya hunata, utando wake hubanduka, na mara nyingine hupatikana nafasi moja tu ya kuipiga na kuinakili kabla haijaharibika kabisa. Mashine za kuzipigia nazo zimeadimika, kwani viwanda viliacha kuziunda zamani. Kwa hiyo jambo hili si la kungojea bajeti ya miaka kumi ijayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa sauti haujengeki.

Kwa hayo, tunazo rai chache kwa wahusika. Kwanza, ifanywe orodha ya kanda na santuri zote zenye sauti za Visiwani, zilizomo redioni, katika vilabu vya taarab, katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na majumbani mwa watu, Unguja na Pemba. Pili, kila iliyo hatarini inakiliwe, na nakala ziwekwe mahali pawili mbalimbali, ili moto wa nyumba moja usiteketeze kumbukumbu ya taifa. Tatu, pamoja na kila nakala yaandikwe majina, nani aliimba, nani alitunga, nani alipiga udi, fidla na ganuni, na lini, maadamu wazee wanaoyajua majina hayo wangali hai. Nne, haki za wasanii na warithi wao zilindwe kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki, ili anayekuja kunakili asije akaondoka na mali ya mjane. Tano, zisifungiwe. Patengwe chumba ambamo mwanafunzi, mzee au mgeni anaweza kukaa akasikiliza.

Hatusemi kwamba kazi hiyo ni rahisi, wala hatusemi kwamba hakuna aliyeianza. Wapo watumishi ambao kwa miaka wamekuwa wakifuta vumbi makasha ya kanda kwa mishahara midogo, na kama wasingekuwepo tungekuwa tunazungumza juu ya hasara, si juu ya hadhari. Tunachoomba ni kuwa Serikali iione kazi yao kuwa kazi ya taifa, na iwape vitendea kazi na kauli.

Mwaka 2023 mali za Freddie Mercury zilipigwa mnada mjini London, na piano yake peke yake ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Piano hiyo imekwenda kwa mwenye fedha, na huenda isionekane tena hadharani. Sauti haikupigwa mnada, nayo ingali mikononi mwa kila aliyenayo masikio. Siti binti Saad hakuacha piano. Alichotuachia ni sauti tu, na mlinzi wake hana mwengine ila sisi.